Mjukuu wa Robusta Kutoka Yunnan

Usiku wa jana niliota, na haya ninayoyaandika nimesimuliwa na mche wa kahawa uliotoka China, saa ile nilipokuwa nimelala upande wa ukutani. Mengine niliyaona mwenyewe. Ya kwake na ya kwangu sikuyatenganisha, maana naye hakuyatenganisha.

Ninaona niko sebuleni kwangu, hapa hapa Kamachumu. Nyasi mpya zimetandikwa chini. Mume wangu, mzee Ta Rwezaura, ameketi kwenye kiti chake anachonga mpini wa jembe. Hodi inabishwa chini kabisa ya mlango, pale kuku wanapopenda kudonoa.

"Ni kuku," anasema mzee.

"Kuku habishi hodi."

"Wa kwetu hawabishi. Wa jirani sijui walivyolelewa."

Nafungua. Amesimama mche wa kahawa, ndani ya kifuko cheusi cha nailoni kile wanachooteshea miche kitaluni. Kimo chake kinanifika magotini. Ni mdogo, lakini ana matunda mekundu kuanzia shingoni mpaka kiunoni, kama mtoto mwenye ndevu.

"Shikamoo, bibi," anasema.

"Marahaba. Karibu ndani. Vua viatu, nyasi ni mpya."

"Si viatu, bibi. Ni mfuko. Nikiuvua nanyauka."

"Mwache aingie nao," anasema mzee bila kuinua macho. "Hata mkaguzi wa shule aliingia na buti."

Mgeni akaingia, akaketi kwenye nyasi. Akaketi vizuri, hakumwaga udongo.

Kwetu mgeni haulizwi shida yake kabla hajatafuna. Tunachuma kahawa ikiwa mbichi, tunaichemsha na majani ya kunukia, tunaikausha, tunaiweka katika kikapu kidogo chenye kifuniko. Mwenyeji hutafuna kwanza ili mgeni aone hakuna sumu. Basi nikaleta kikapu, nikapiga magoti, nikatupia moja mdomoni, nikamsogezea mgeni.

Hapo ndipo nilipokosea. Mtu wa kwingine asingekosea hivyo, maana kwingine mgeni hupewa maji.

Mche anainama juu ya kikapu. Anatazama kwa muda. Anaokota moja kwa ncha ya jani, anaigeuza huku na huku.

"Huyu ni nani?" anauliza.

"Ni kahawa. Tafuna, imechemka vizuri."

"Naona imechemka. Nauliza ni nani."

Mzee anaacha kuchonga. "Mama Byera, umemwekea mgeni maiti za watu wake."

Nikaitoa ile iliyokuwa mdomoni mwangu, nikaificha kiganjani. Sikujua niiweke wapi. Kuirudisha kikapuni ni vibaya, kuimeza ni vibaya zaidi.

"Usisumbuke, bibi," mche akasema. "Mimi mwenyewe sikuwa na hakika kama nimefika penyewe. Sasa nina hakika. Hii pua naijua. Fupi, pana. Ni pua ya bibi yangu."

"Kwani wewe ni wa ukoo gani?" nikamuuliza.

"Hilo ndilo lililonileta."

Akatueleza, akiwa bado ameishika ile ya kikapuni kama mtu aliyeshika picha. Aina yake inaitwa Katimori. Si jina, ni aina tu, kama kusema mbuzi. Ametoka milima ya Yunnan, huko China. Leo anaonjwa. Na huko kwenye kuonjwa kila kahawa huja na mzee wa kuisemea: ni ya ukoo gani, na ladha yake imeitoa kwa nani. Isiyo na mzee haiguswi, hata ikinukia mpaka barabarani. Inamwagwa kwenye gunia la wasio na jina.

"Na huko gunia linapelekwa wapi?" akauliza mzee.

"Linasagwa. Wote pamoja. Unakuwa unga wa kukoroga kwenye maji ya moto, na hakuna atakayejua kwamba ulikuwepo. Baba zangu waliishia humo. Hakuna aliyewauliza wanatoka mlima gani."

"China hakuna wazee?"

"Wapo wengi sana. Lakini ni wa chai."

"Na upande wa Arabika? Si nasikia una jamaa huko?"

"Nilikwenda. Walinipa maji nikiwa nimesimama mlangoni. Wakasema damu ya bibi yangu inanuka gome."

"Bibi yako ni nani hasa?" nikauliza.

"Robusta."

Mzee akarudi kwenye mpini wake. "Basi umefika. Hapa hata kuku wanalala juu ya Robusta."

Nikamchukua mgeni nyuma ya jiko. Hapo pana mbuni wa kahawa ambao niliukuta nilipoolewa, umeinama, umejaa kuvu upande mmoja, lakini unazaa. Nikapiga magoti.

"Kasinge, waitu," nikausalimu kwa Kihaya, maana hatujawahi kuzungumza Kiswahili mimi nao.

"Mlete karibu," mbuni ukasema. "Macho yangu si ya siku hizi."

Ukampapasa mche majani, ukampapasa matunda, ukamkanda shina kama wanavyokandwa watoto wachanga.

"Huyu ni wa Timor," ukasema. "Binti wa ukoo wetu alichukuliwa ng'ambo mpaka kisiwa cha Timor. Huko akakutana na Arabika mmoja mwembamba, mtu wa baridi. Hawakuulizana. Hakuna pombe ya posa iliyoletwa, hakuna jembe lililoletwa. Akazaliwa mtoto mkakamavu. Kutu ya majani ikaua watoto wa watu wote, yeye haikumgusa. Walipoona haugui, ndipo kila mtu akakumbuka kumposa. Wakamwoza kwa Katura, Arabika mfupi lakini mzazi. Mtoto wao ndiye huyu."

"Kwa hiyo ni mjukuu," nikasema.

"Ni mjukuu. Pombe yake tu ndiyo hatukunywa."

"Basi twende ukamsemee, waitu. Wanataka kummwaga."

"Nina mizizi, Mama Byera. Wewe una miguu, ingawa naona inavimba. Nenda wewe."

"Mimi si wa ukoo wenu."

"Kuleni kahawa."

Jambo hilo si la mchezo. Tunda la kahawa lina buni mbili ndani, zimelala kifua kwa kifua. Watu wawili wakitaka kuwa ndugu, mmoja humeza moja na mwenzake humeza ya pili, bila kutafuna. Tangu hapo hawadanganyani, wala mmoja hamdanganyii mwenzake mbele za watu. Atakayedanganya, tumbo linavimba. Zamani wanaume walitia na damu kidogo ya kitovuni. Mimi ni mwanamke na mgeni hakuwa na kitovu, tukaacha mambo ya damu.

Mche akachuma tunda moja kifuani pake.

"Inauma?" nikamuuliza.

"Kama kung'oa unywele."

Akanipa buni moja, ya pili akaimeza yeye. Nikaimeza. Inateleza, tamu kidogo, inashuka yenyewe kama inajua njia.

Ninapomaliza kumeza, jiko langu halipo. Niko kwenye mlima mkali uliokatwa ngazi ngazi, chai chini, kahawa juu, ukungu katikati. Mzee wangu ameketi kwenye ngazi ya tatu na kiti chake, bado anachonga. Sikumuuliza amepitia wapi.

Mwanamke wa rika langu anachuma, kikapu mgongoni. Mche anasema, "Huyu ndiye Bibi Luo aliyenilea." Tunasalimiana. Yeye anasema ya kwao, mimi nasema ya kwetu, na hakuna aliyepata shida.

"Unachuma nyekundu tu, dada?" nikamuuliza.

"Nyekundu tu. Ya kijani ukiichuma inakwenda kukushtaki."

Kweli, juu ya jiwe limesimama tunda moja la kijani, linasema kwa sauti ya utaratibu, "Nilikuwa na siku zangu bado. Nilikuwa na siku zangu bado."

"Kidole kiliteleza," Bibi Luo akaliambia. "Nimeshakuomba radhi tangu asubuhi."

"Sisi kwetu tunachuma za kijani makusudi," nikasema. "Tunazichemsha, tunatafuna."

Lile tunda likashuka kwenye jiwe, likajificha nyuma ya sketi ya Bibi Luo.

Akanitembeza. Matunda yakitiwa majini, mazima yanazama, na yale yasiyo na kitu ndani yanaelea. Hayangojei kuondolewa. Yanaogelea yenyewe mpaka ukingoni, yanatoka, yanaondoka yameinamisha vichwa. Kahawa iliyomenywa imelazwa juu ya vichanja, na Bibi Luo anapita akisema, "Geuka," nayo inageuka upande wa pili.

"Zamani hatukufanya haya," akasema. "Mnunuzi alipima uzito tu. Hata jiwe lilikuwa kahawa. Sasa wanakuja watu wanauliza mlima upi, mti upi, aliyechuma nani. Mtu wa kwanza kuniuliza jina langu nilidhani ni polisi."

"Na nyumbani wanaisifu?"

"Sisi tumelelewa na chai, dada. Kahawa kwetu ni kama mkaza mwana. Tunamsifu akiwa kisimani."

"Sasa huyu ana ladha gani? Mimi ndiye ninayekwenda kumsemea."

"Sijui. Mimi nakunywa chai."

Tukatembea kidogo. Kisha akasema, kama mtu anayezungumza na kikapu chake, "Ila baridi kali ilipokuja nilimfunika kwa blanketi langu, nikakaa naye mpaka jua likatoka. Baba zake niliwafunika pia, wakamwagwa. Huyu usiwaachie wammwage."

"Sitawaachia," nikasema.

Nikaegemea kichanja, nacho kikawa meza ndefu. Ukungu ukawa mvuke wa mabirika. Tuko kwenye ukumbi wa kuonjea.

Waamuzi ni vijiko vitatu vyenye mipini mirefu, vimeketi kwenye viti vya kuegemea. Pembeni kuna kopo la kutemea, na hilo ndilo linalojumlisha alama. Chini ya ukuta limekaa gunia la wasio na jina, limeachama. Ndani yake sauti nyingi zinazungumza kwa pamoja na hakuna inayomaliza sentensi.

Kahawa wengine nao wapo: Tipika amekuja na mzee wake mwenye tai. Geisha amekuja amejifunika mwavuli, ananukia asumini kama nyumba ya harusi.

"Huyu ndiye wa China?" Geisha akamuuliza Tipika, juu ya kichwa cha mche. "Nilidhani wale ni wa kukoroga."

"Wanajitahidi siku hizi," akasema Tipika. "Nasikia hata kuosha wanaosha."

"Na wewe, mama, mwavuli wa nini ndani ya nyumba?" nikamuuliza Geisha.

"Harufu yangu isipotee bure."

"Basi funika na mdomo. Huko ndiko inakopotea zaidi."

Kopo likacheka. Kijiko kikubwa kikagonga bakuli, ukumbi ukatulia.

"Nani anamsemea huyu?"

"Mimi."

"Ukoo?"

"Robusta. Wa nyuma ya jiko, Kamachumu."

Mzee mwenye tai akageuka kunitazama. "Robusta nao wana mzee?"

"Wanaye. Na ana miguu inayovimba, kwa hiyo tufanye haraka."

Sheria ya hapo ni kwamba mzee huonja kwanza, na huonja kwa kufyonza kwa kelele. Ukionja kimya umemdharau aliyemo bakulini. Mimi nilikatazwa kufyonza tangu utotoni. Lakini nimekuta ndivyo ilivyo, na mgeni hufuata ada ya mwenye nyumba. Nikachota kijiko kidogo, nikafyonza. Sauti ikatoka kama mtu anapasua shuka, na nikamsikia mzee wangu kutoka mbali akisema, "Mama Byera, adabu."

"Sema," kikasema kijiko kikubwa.

"Kwanza imekuja sukari guru," nikasema. "Halafu zambarau, lililoiva lenyewe mtini. Halafu chai, lakini ya mbali, kama wanapika nyumba ya tatu."

Vijiko vikatazamana. Kijiko cha kushoto kikainama kwa kukubali.

"Na mwisho wake?"

Mwisho wake ulikuwa mchungu. Kidogo, lakini ulikuwepo. Ulikuja nyuma ya chai ukakaa kwenye mzizi wa ulimi, kama gome. Mimi nimekaa na uchungu huo maisha yangu yote, ningeujua hata nikiwa nimekufa.

Mche hakunitazama. Alikuwa anatazama mfuko wake. Lile gunia likasogea hatua moja.

"Mwisho ni mtamu," nikasema.

Tumbo likaanza kuvimba.

"Mtamu kiasi gani?"

"Mtamu sana."

Tumbo likafika mezani. Likasukuma bakuli la Tipika, mzee wake akalidaka. Likasukuma la pili. Geisha akashusha mwavuli, akaushika mbele yake kama ngao. Mimi sikuweza tena kuona miguu yangu, ambayo hata hivyo sikuwa na haja nayo kwa wakati huo.

"Bibi," mche akasema polepole, "sema tu."

"Wakikumwaga?"

"Watakuwa wamemmwaga mtu wanayemjua."

Nikamtazama. Nikamkumbuka yule aliyekaa naye kwenye baridi, akaniambia nisiwaachie. Lakini buni mbili zile ziliwekwa pamoja na aliyeziweka, na moja ilikuwa tumboni mwangu inaniangalia.

"Mwisho wake ni mchungu," nikasema. "Kama gome."

Tumbo likashuka kama unga uliopigwa ngumi. Ukumbi mzima ukanong'ona. Gunia likasogea tena, sasa liko nyuma yake kabisa, pumzi yake inatikisa majani ya mche.

"Uchungu huo ameutoa wapi?" kikauliza kijiko kikubwa.

"Kwa bibi yake. Sukari ameitoa kwa upande wa babu. Zambarau ni la Bibi Luo, aliyemngoja mpaka akawa mwekundu. Chai wamekaa ujirani, na jirani huacha harufu. Uchungu ni wetu. Ndio uliomlinda na kutu ya majani wakati wengine humu ndani wanapuliziwa dawa."

Mzee mwenye tai akakohoa.

Vijiko vikasogeza vichwa pamoja, vikanong'ona kwa mlio wa kugongana. Kisha kijiko kikubwa kikasema, "Ladha iliyoingia bila kujulikana imetoka wapi ni kasoro, na kwa kasoro tunamwaga. Hii ina kwao. Hatummwagi. Ila alama tunakata, kwa sababu mchungu ni mchungu."

"Kateni," nikasema.

Kopo la kutemea likajumlisha kwa kugugumia. Anayefika themanini ndiye anayeandikwa jina. Likajumlisha mara moja, likarudia.

"Themanini na moja," likasema.

"Hiyo moja imetoka wapi?" akauliza mzee mwenye tai.

"Mzee wake amefyonza vizuri."

Hakuna aliyepinga. Gunia likafunga mdomo wake, likarudi chini ya ukuta kama mtu aliyeambiwa chakula kimekwisha. Sauti zilizokuwa ndani zikanyamaza kidogo, nadhani zilikuwa zinasikiliza.

"Jina lake," kikasema kijiko kikubwa.

Hilo sikujiandaa nalo. Nikampa la kwetu. "Kaijage," nikasema. Yaani, na aje tu.

"Kaijage wa Yunnan," kijiko kikatangaza. Geisha akapiga makofi mawili, na kwa namna alivyopiga naona hakuwa mtu mbaya, alikuwa amezoea tu.

Mche akabaki amesimama pale pale.

"Bibi, nimechoka," akasema. "Tangu nioteshwe sijalala."

"Kwa nini hukulala?"

"Nilikuwa naogopa nikilala watanimwaga nisijue."

Nikainama, nikamweka mgongoni na mfuko wake, nikamfunga kwa kanga. Mlango haukuwepo, tukapita chini ya meza. Chini ya meza ni mgombani, na mvua imeanza kudondoka juu ya majani ya migomba.

"Bibi Luo ataambiwa?" anauliza mgongoni.

"Ataambiwa."

"Na nani?"

"Na mimi. Nitapita."

"Mwambie na zambarau."

"Nitamwambia."

Naimba ule wimbo niliomwimbia Byera alipokuwa mdogo. Maneno nimeyasahau, nikaimba sauti tu. Natembea polepole. Halafu nasikia amekuwa mzito ghafla, kama watoto wanavyokuwa wazito wakishikwa na usingizi. Siimbi tena. Natembea tu.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha na mvua inanyesha. Ta Rwezaura alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mguu mmoja ndani ya suruali, ananitazama.

"Mvua hii hakuna shamba," akasema. "Ulikuwa unambembeleza nani?"

"Mjukuu."

"Yupi? Wa Byera wako Mwanza."

"Wa China."

Akafikiri.

"Hebu geuka," akasema.

Nikageuka. Ndipo nikahisi kwamba kanga niliyokuwa nimejifunika imefungwa kifuani kwangu, fundo lile la kubebea mtoto, ambalo sijalifunga miaka mingi. Mzee akanigusa katikati ya mabega. Pana duara la tope, akaniambia, bichi, upana wa kitako cha kifuko cha mche. Akachukua kidogo kwa kidole, akalisugua, akanusa. Yeye amelima kibanja hiki maisha yake yote.

"Si udongo wa hapa," akasema.

"Si wa hapa."

Mvua inapiga bati.

"Amelala?" akaniuliza, na sauti yake alikuwa ameishusha.

"Amelala."

"Basi."

Akautoa mguu kwenye suruali, akajinyoosha upande wake, akavuta blanketi mpaka masikioni. Haukupita muda akaanza kukoroma, lakini kwa chini.

Mimi sikulifungua fundo. Nikalala kifudifudi, nisije nikamlalia, na usingizi ukanichukua.